Mpaka Ulioota Kwenye Maharage Yangu

Aneti,

Salamu sikupi, maana nakuona kupitia dirisha, hujambo na unacheka. Umekaa uani na shangazi zako mnachambua mchele wa kesho, na kila mara unatupa jicho kwenye mlango wa jikoni kuona kama nitatoka. Sitoki. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nimekasirika, na nimekaa juu ya kigoda na karatasi nilizoomba kwa mwalimu wa kwaya, nikiandika maneno ambayo nikijaribu kuyasema yatatoka kwa kelele, na shangazi zako watayabeba mpaka sokoni Soni.

Najua barua huandikiwa mtoto anayekwenda mbali. Wewe unakwenda hapo. Nikipiga chafya utanisikia. Nikiunguza maharage utajua kabla yangu. Kati ya mlango wangu na mlango wa huyo mama mkwe wako kuna kipande cha shamba na uzio wa jani la mpakani, basi. Lakini mimi na Mama Zakayo hatujapeana salamu tangu wewe ukiwa hujaanza shule, kwa hiyo kwangu mimi unakwenda mbali kuliko Dodoma, na barua utaandikiwa.

Asubuhi umesikia mwenyewe alichokuja kusema mshenga wao. Kanywa chai yangu, kala magimbi yangu, kajifuta mdomo, ndipo akafungua mfuko wake wa maneno.

"Mama Aneti, wenzako wanaomba jambo dogo tu. Kesho bibi harusi asizungushwe barabara yote ile. Uzio ukatwe pale mbele, apite moja kwa moja. Iwe ishara."

"Ishara ya nini?"

"Ya amani, mama."

"Mzee wangu, uzio huo uliota kwenye maharage yangu bila kualikwa. Niliwahi kuukata mara moja, na wewe ulikuwepo, unajua kilichonipata. Siukati tena mpaka nizikwe."

Mzee wa watu akatazama ndani ya kikombe. Ndipo wewe ukatoka nyuma ya mlango, macho mekundu, ukasema mbele ya mgeni: "Basi mama, ukinitoa kesho kwa barabarani, usinitegemee kurudi. Mimi sitazunguka kijiji kizima kama mgeni ili nije kunywa chai kwa mama yangu."

Nimekusikia. Umelisema kwa sauti yangu, na kidole umekinyoosha kama mimi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yenyewe. Sasa nisikilize na wewe.

Habari za kuamka mapema na kumtunza mume sikuandikii. Shangazi zako wamekuimbia hayo wiki nzima, na nusu yake wao wenyewe hawakuyafanya. Mimi nitakuandikia habari za jani lile, kwa sababu unalipenda, na mimi nalichukia kuliko kitu chochote kilichoota juu ya milima hii, na nadhani ni haki yako kujua kwa nini.

Kila ukoo hapa una namna yake ya kuliita. Mimi naliita jani la mpakani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unajipapasa nalo shavuni kwa sababu lina manyoya laini, na ukimaliza unanuka nalo siku nzima, ule ukali wake unaopanda puani. Mbuzi wetu hawaligusi. Watoto wa shule wanalijua kwa kazi ya chooni. Sisi tunalitandika kwenye shimo la kuivishia ndizi. Likichanua, yale maua ya bluu yanasimama juu kwa mistari, nyuki wanajaa, na watalii wanaopanda kutoka Lushoto mjini wanasimama kulipiga picha. Natamani niwaambie wang'oe kabisa waende nalo kwao.

Ubaya wake ni kwamba halifi. Ukilikata linachipua. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini kimeshika, ukikichomeka kichwa chini kimeshika, ukikitupa tu kikaangukia udongo laini na mvua ikakikuta, kimeshika. Ndiyo maana wazee walilichagua liwe mpaka. Na walikuwa na utaratibu wao. Mpaka haupandwi na mtu mmoja. Mwenye shamba la huku anashika kijiti, mwenye shamba la kule anashindilia udongo, kisha wanabadilishana mpaka mwisho wa mstari, ili kesho mmoja asije kusema sikuwepo. Uzio wetu wa kwanza walipanda babu yako na babu yake Zakayo hivyo hivyo, wakicheka, wakanywa pombe ya miwa baadaye. Niliyakuta hayo nilipoolewa. Mpaka ulikuwa kule ng'ambo, wanakofunga ndama wao sasa, na mpeasi ule ulikuwa upande wetu. Baba yako aliupanda ulipozaliwa.

Baba yako unamkumbuka kidogo sana. Unakumbuka kofia, na kwamba alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa mtu wa taratibu. Mimi nilikuwa mtu wa haraka, na nilimsukuma maisha yake yote, na hapo nakuambia jambo ambalo shangazi zako, dada zake, wananilaumu nalo mpaka leo ingawa wanakula kwangu. Mwaka ule uzio ulikuwa umekua vibaya, umeinama juu ya karoti zetu. Nilimwambia aupunguze. Akasema kesho. Akasema anajisikia mzito. Nikasimama hapo shambani, nikapaza sauti: "Mwanaume gani anashindwa na majani?" Akachukua panga akaenda. Alikata kipande kidogo, akarudi, akalala, na homa ile haikumwachia. Hatukujua kwamba alikuwa mgonjwa tangu siku nyingi. Yeye alijua, hakusema, na mimi sikuuliza.

Ugonjwa ulimuua, Aneti, si ulimi wangu. Daktari aliniambia hivyo na mimi nimejiambia hivyo kila nikipiga magoti. Lakini maneno ya mwisho marefu niliyomwambia mume wangu yalikuwa yale, na nyuma ya uzio alikuwepo mtu aliyekuwa anapalilia viazi, akayasikia yote.

Baada ya matanga nilikwenda kuchota maji. Wanawake walikuwa wengi bombani. Mama Zakayo alikuwa amenipa mgongo, hakuniona, alikuwa anasimulia. "Yule baba alichoshwa na ulimi wa mkewe," akasema. "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Mtu anaumwa, anaambiwa ameshindwa na majani." Kisha akaongeza kwa Kishambaa neno moja ambalo sitaliandika kwenye karatasi niliyopewa na mwalimu wa kwaya.

Wenzake wakanyamaza, akageuka, akaniona. Angesema pole, au angesema nilikosea, labda leo ningekuwa naye hapo uani nachambua mchele. Alijitwisha ndoo yake akaondoka.

Watu wanasema hasira hasara. Wananiambia mimi hivyo tangu nikiwa msichana kule Bumbuli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niipeleke wapi. Siku ile niliipeleka kwenye uzio. Nilichukua panga la baba yako nikaanza juu kabisa barabarani, nikashuka nikikata, kila shina, mpaka chini. Jua lilikuwa kali. Mama Zakayo alitoka akasimama mlangoni kwake, akakunja mikono, akanitazama. Nilitaka asikie kila pigo. Nilitaka aone kwamba kama uzio una masikio, basi nimeyakata.

Sasa sikia ujinga wa mama yako. Nilipomaliza, vijiti vilikuwa vimelala pale pale mpakani. Mtu mwenye akili angeviacha. Mimi nikaona nikiviacha, vikikauka, yule mwanamke ataokota kuni. Sikutaka apate hata kijiti cha kuwashia moto. Kwa hiyo nikavibeba, mzigo kwa mzigo, nikavivuta upande wangu, nikaupita mpeasi kwa sababu una kivuli, nikaenda navyo mpaka kwenye tuta la maharage ambako jua linachoma, nikavilaza. Na kwa kuwa mimi hata nikikasirika napenda kitu kikae sawa, nikavilaza kwa mstari ulionyooka, kando kando, kutoka juu hadi chini. Maharage tulikuwa tumeshayang'oa na udongo nilikuwa nimeulima juzi yake. Nikasema vikikauka nitavichoma moto.

Jioni ile ile mvua ikanyesha. Usiku wake ikaja habari kwamba bibi yako kalazwa Bumbuli. Nikakubeba mgongoni tukaenda, unakumbuka labda, ulikuwa unaogopa harufu ya wodi. Tulikaa kule mpaka bibi alipoweza kusimama, na milima yote ilikuwa ndani ya ukungu na mvua muda huo wote.

Tuliporudi, nilisimama hapo barabarani na mzigo kichwani nikashindwa kuelewa ninachokiona. Kwenye maharage yangu kulikuwa na uzio. Umechipua, kijani, umenyooka vizuri kuliko ule wa babu zako. Na kule ulikokuwa uzio wa zamani palikuwa peusi, pamelimwa, visiki vimeng'olewa vyote, na viazi vya Mama Zakayo vimeshaanza kutoa majani chini ya mpeasi wa baba yako.

Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka kanisani.

Likaitwa baraza. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, na wazee, na mchungaji akakaa pembeni kama shahidi wa Mungu. Mama Zakayo akasema kwa upole, yeye ana upole wa mtu aliyeshiba, kwamba jirani yake aliukata mpaka wa zamani kwa mkono wake mwenyewe, akapanda mpya sehemu aliyoitaka, na yeye kama jirani mwema hakupinga. Nikasema sikupanda, nilitupa. Mwenyekiti akaniuliza: "Mama Aneti, vijiti hivi nani alivipanga hapa?"

"Mimi. Lakini..."

"Kwa mstari huu?"

"Ndiyo, lakini nilikuwa..."

"Kuna mtu alikushika mkono?"

Watu wakacheka. Hiyo "lakini" yangu haikupata nafasi mpaka leo. Mzee mmoja akasema mpaka wa Washambaa ni jani lililo hai, siyo kumbukumbu ya mtu, na jani lililo hai ni hili. Wakalithibitisha. Wakataka Mama Zakayo ashindilie udongo kidogo kwenye shina moja ili utaratibu utimie, naye akainama akashindilia, akajipangusa mikono. Hivyo ndivyo nilivyojinyang'anya ardhi. Sijawahi kusikia mwingine aliyefanya hivyo, na kwenye kilabu cha pombe wanaisimulia mpaka leo kwa wageni. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, mimi niliuhamisha na ukuta wenyewe.

Mchungaji aliigeuza mahubiri. Jumapili iliyofuata akasema kuna watu wanaotupa hasira chini, wakigeuka imeota. Hakutaja jina. Nikasimama na Biblia yangu nikatoka kwa mlango wa mbele, nikipita katikati ya kwaya. Kwa hiyo usiogope, somo hilo sikupi mimi. Limekwisha tolewa, na sikulipenda.

Ardhi ile ndogo ningeisahau. Mpeasi sikuweza. Kila msimu yale mapeasi yanaanguka upande wa kule, nayasikia yakidondoka. Mwaka wa kwanza Mama Zakayo alituletea kapu la mapeasi kwa mkono wa mtoto wa jirani. Nilimpa ng'ombe mapeasi yote mbele ya uzio, moja moja, ili aone. Hakutuma tena. Na wewe ulikuwa unanitazama, ulikuwa unapenda mapeasi kuliko nyama, na sikukupa hata moja. Nilidhani nakufundisha heshima.

Kumbe ulijifundisha lako. Nyuma ya banda la ng'ombe nilianza kuona tundu kwenye uzio, dogo, chini chini. Nikasema ni nguchiro anayefuata kuku wangu. Nikaliziba kwa vijiti, vikashika. Baada ya siku chache likafunguka tena. Nikaziba, likafunguka. Nilitega hadi mtego, nashukuru Mungu haukufyatuka. Mpaka siku moja nilikuwa nakamua, nikakuona umelala kifudifudi umeingiza mkono mzima ndani ya majani, na mkono ukarudi na peasi. Kisha nikasikia kitoto cha kiume upande wa pili kikisema, "Lingine ni bovu, nisubiri."

Nilikuchapa. Unakumbuka, na mimi nakumbuka. Hukulia. Ulilimeza lile peasi mbele yangu na mbegu zake. Nguchiro wangu alikuwa na miguu miwili, na mwenzake leo anavaa suti kanisani.

Kuna jambo moja ambalo hulijui. Mwaka ulipoumwa tumbo vibaya, nilikuchemshia jani lile, kwa sababu mama yangu alinichemshia mimi. Ulikataa. Uchungu wake unaujua. Ulikuwa unatema, unalia, mimi nakushika pua, na kelele zetu zinakwenda kijiji kizima. Nikasikia sauti ya mwanamke yule kutoka nyuma ya uzio: "Mtilie asali mtoto, kwani ni ng'ombe huyo?" Nikamjibu neno baya. Nilipotoka kumwaga maji, juu ya jiwe la kufulia nikakuta kikombe cha bati kimejaa asali ya mizinga yao. Nyuki wao wanakula wapi? Kwenye maua ya uzio wangu. Nikajiambia basi ni asali yangu, nikakutilia, ukanywa, ukalala. Sijui kama ni jani lililokusaidia, au asali, au tumbo lilichoka lenyewe. Kesho yake nilimkuta bombani, nikampita kama mti.

Kikombe kile sikukirudisha. Kukirudisha kulihitaji neno, na neno lile lilinishinda. Kipo kabatini nyuma ya sahani za wageni, na kila mwaka nikisafisha kabati nakiosha na kukirudisha palepale. Nimekitoa. Kipo juu ya meza pamoja na barua hii. Utakwenda nacho kesho. Usimwambie mama anashukuru, maana sijakutuma hilo. Mpe tu mkononi, yeye anajua ni chake.

Sasa kuhusu huyo mwanamke utakayeishi naye, maana mimi namjua kuliko wewe na kuliko mwanawe. Ni Mkatoliki wa Rangwi aliyehamia kanisani kwetu kwa ndoa, na bado anapiga ishara ya msalaba akidhani hakuna anayemwona. Hatakupigia kelele kamwe. Atakaa kimya, kisha atayasema bombani. Ugali wako atasema ni mzuri, halafu atausonga tena. Ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, si kwa sababu yeye anastahili, ila wewe una damu yangu na ukilala na neno moja utaamka na kumi. Na yeye akikukosea, mwambie usoni, hapo hapo, kabla hujashika panga wala ufagio. Mimi sikumwambia. Pale bombani nilikuwa na mdomo, mdomo huu huu uliomsukuma baba yako, na siku niliyouhitaji ukakauka. Ningemwambia: umesikia kweli, na inaniuma kwa sababu ni kweli. Labda angelia. Labda tungepigana na ndoo, tukaisha. Mpeasi ungekuwa wangu.

Zakayo sina neno naye. Jaribu kulichukulia hilo kama sifa, kubwa zaidi sitatoa. Siku alipokuja na wazee wake kujitambulisha alinisalimia "shikamoo mama" akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nilichelewa kuitika mpaka mjomba wako akanikanyaga mguu. Yule kijana alikaa ameinama vile vile hadi nikasema marahaba. Mtu mwenye shingo ya kusubiri namna hiyo anaweza kukuvumilia. Lakini asikuvumilie tu. Baba yako alinivumilia, na uvumilivu wake ukanificha kwamba anaumwa. Akinyamaza, muulize. Ukiona anasema kesho, kesho, weka jembe chini umguse paji la uso.

Nimekukasirikia, Aneti, na sitajifanya sivyo kwa sababu kesho kuna harusi. Vijana wapo kila mahali, Lushoto, Korogwe, Magoma, hata Tanga, na wewe ukaenda kuchukua wa nyuma ya uzio. Nilikulea peke yangu upande huu ili uwe wangu mimi, na muda wote ulikuwa na mkono mmoja upande wa pili. Nikiwaza hivyo nataka kubamiza kitu. Na nikiwaza kwamba kesho kutwa nitakusikia ukimwamkia yule mwanamke "shikamoo mama" alfajiri, kwa sauti ile uliyokuwa ukiniamkia mimi, nataka kuziba masikio kwa nta. Hiyo ndiyo hali yangu. Nakupenda na nimekasirika, na vyote viwili vimekaa kifua kimoja na hakuna anayempisha mwenzake.

Kwa hiyo sikia jibu langu la asubuhi, lile ambalo nililikosa mbele ya mshenga.

Mbele hapakatwi. Nimesema na sibadilishi. Kesho utatoka kwa barabarani. Matarumbeta yatapiga, utapita mbele ya duka, mbele ya kanisa, mbele ya kilabu cha pombe na kila aliyenicheka kwenye baraza lile, na mimi nitatembea nyuma yako nimevaa kitenge changu kipya mpaka mlangoni kwao. Nitakukabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Huendi kuchukuliwa kwa kichochoro kama mwiko wa kuazima. Unatoka kwangu kwa njia kubwa, kijiji kikiona.

Lakini leo mchana, mlipokwenda wote kupamba kanisa, nilichukua panga la baba yako nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe, pale ulipokuwa ukiingiza mkono. Nimekata. Ni pembamba, mtu akijipinda kidogo anapita. Wewe utapita. Ukiwa na mimba utapita, nimelifikiria hilo. Mama Zakayo kwa mwili wake ule hapiti, na hilo nalo nimelifikiria.

Visiki nimeving'oa na mizizi yake, na mikono imenitoka malengelenge. Na vijiti vyote, hata vile vya urefu wa kidole, hata maua, sikuacha kimoja kwenye udongo. Nimevibeba mpaka barabara kuu, nimevitandaza juu ya lami, malori ya kabichi yanavikanyaga wakati nakuandikia hapa. Vile havitaota tena. Pale patabaki wazi.

Hiyo siyo njia ya kwenda. Ni ya kurudi. Mlango wa jikoni unajua haufungwi kwa ufunguo, ni kusukuma tu. Ukija usimwamkie mtu kwa sauti kubwa, yule mwanamke ana masikio.

Sasa naona umesimama tena kuangalia mlango huu. Keti umalize mchele. Nakuja.

Mama yako,
ambaye bado amekasirika.